Kutembea jangwani kwenye ardhi ya Wanavajo mbali na msongamano, nianzie wapi?

Msafiri_PHX:
Habari zenu wadau. Niko hapa Phoenix, mwezi wa kumi nataka kwenda na mdogo wangu na shemeji kwenye ardhi ya Wanavajo, wale wenyeji wa asili wa huku Marekani, tutembee kwa miguu jangwani siku mbili tatu hivi. Antelope Canyon, lile korongo jembamba la miamba, picha zake kali kweli ila kila video ninayoona watu wamebanana kama stendi sikukuu na mtu anaambiwa songa songa, hiyo hapana. Tunataka sehemu imetulia, tuwe na mwongozaji mwenyeji tuongee naye bila haraka. Kwani ni lazima kuwa na mwongozaji au mtu anaweza kujiendea tu? Halafu shemeji magoti yanamsumbua kidogo.

Mzee wa Korongo:
Karibu sana ndugu yangu. Nenda kwenye korongo la Canyon de Chelly, pale mji wa Chinle, kutoka hapo kwako ni kama masaa matano na zaidi kwa gari. Ile ni hifadhi ya serikali tangu 1931 lakini ardhi yote ni ya Wanavajo na mpaka leo kule chini kuna familia zina mashamba ya mahindi na mifugo yao, ndo maana hushuki chini bila mwongozaji Mnavajo. Juu ukingoni unajiendeshea mwenyewe, unasimama unaangalia. Usiache kuiona Spider Rock, mwamba umesimama peke yake kama mita 240 kwenda juu, wenyewe wanasema ndo makazi ya Mwanamke Buibui aliyewafundisha kufuma.

Na mwongozaji muulize habari za 1864 kama yuko tayari kusimulia. Jeshi la Marekani chini ya kamanda Kit Carson liliingia kwenye korongo lile, mwaka huohuo wakachoma mashamba, wakakata miti ya pichi kwa maelfu, watu wakaswagwa kwa miguu mamia ya kilomita mpaka kambi ya kuwafungia ya Bosque Redondo kule New Mexico, wengi wakafia njiani na wengine hukohuko, walioishi wakarudi 1868 baada ya mkataba. Sasa unatembea humo na mtu ambaye mababu zake walijificha kwenye miamba ileile, hiyo huipati kwenye basi la watalii hata ulipe nini. Mimi kwa kweli sielewi mtu anayelalamika kuhusu hela ya mwongozaji, pale unaingia nyumbani kwa watu.

dada_Tucson:
Naunga mkono. Mwezi wa kumi mmepatia, maana mvua za huku zinakuja Julai mpaka Septemba na mafuriko yake hayapigi hodi. Agosti 1997 watu 11 walikufa Antelope, mvua yenyewe ilinyesha mbali huko, pale walipo ilikuwa hata hakuna dalili. Kwa hiyo mwongozaji akisema leo hatushuki, msibishane naye.

Saa nazo muwe makini jamani!! Arizona haisogezi saa mbele majira ya joto ila Wanavajo wanasogeza, mwezi wa kumi wao bado wako mbele saa nzima, mkiambiwa saa mbili asubuhi Chinle basi Phoenix ni saa moja. Usiku beba sweta zito, kule ni juu zaidi ya mita 1,600, mchana jua linawaka na usiku unatetemeka. Pombe marufuku kwenye ardhi yao, droni pia, na mtu au nyumba yake usipige picha kabla hujaomba. Magofu ya kale msiyaguse wala kuyakwea, kwao hapo si pa kuchezea.

Msafiri_PHX:
Asanteni mno, hilo la saa nisingelijua kabisa. Na Monument Valley je, lile bonde la miamba mirefu iliyosimama? Mdogo wangu anang'ang'ania kwa sababu tuna ile kadi ya mwaka ya hifadhi za taifa.

Mzee wa Korongo:
Kadi hiyo haifanyi kazi pale, ile mbuga ni ya Wanavajo wenyewe, mnalipa getini kwao. Kutembea bila mwongozaji pale kuna njia ya Wildcat, kama kilomita 6 inazunguka mwamba mmoja mkubwa, ni nzuri asubuhi mapema. Mkitaka utulivu zaidi ulizeni Mystery Valley, bonde la jirani, au Hunts Mesa, mlima wenye kilele bapa, huko lazima mwongozaji, na Hunts Mesa kwa magoti ya shemeji hapana.

dada_Tucson:
Kuhusu magoti, Chinle mwambieni mwongozaji tangu mnapobuku, wapo wanaokushusha kwa gari halafu mnatembea chini kwenye mchanga tambarare, mnakwepa ile kushuka na kupanda ukingo ambayo ndo inaua magoti. Ila mchanga unachosha na kuna sehemu unadidimia, fuateni anapokanyaga yeye. Orodha ya waongozaji walioruhusiwa iko kwenye kituo cha wageni pale pale Chinle, pigeni simu mapema na mbebe keshi, si kila mmoja anapokea kadi.