Naomba ushauri: kutia mota kwenye blakimamba
Salaam wadau. Nakaa Likoni, Mombasa, kazi yangu iko Kongowea, ng'ambo ya feri, na nataka kuitia mota ya umeme baiskeli yangu ya blakimamba. Fundi mmoja aniambia mota ya gurudumu la mbele, wati 250, volti 36, yatosha. Mwengine anishikilia wati 500 na volti 48, kwa sababu ya mzigo na ule mpando wa kutoka feri. Foki yangu, ule uma unaoshika gurudumu la mbele na mota yake, ni ya chuma, si aluminiamu, kwa hivyo kupasuka sihofii sana. Kinachonikosesha raha ni hewa ya chumvi: spoki zishaliwa na kutu, sembuse nyaya na plagi za betri! Tena breki ni zile za kuvutwa kwa vyuma badala ya waya. Mvua ikinyesha hazikamati kitu. Mliokwisha kufunga hapa pwani, viungo vya nyaya mwaviziba na nini? Na betri, kwenye fremu au keria?