Mwambao wa Uvinza: mnara tunao, mtandao hatuna, na kwenye makaratasi tumeshahesabiwa kuwa tumefikiwa

Habari zenu wakuu.

Naandika nikiwa Kigoma mjini, maana huko kwetu kuuweka uzi kama huu hewani ni ndoto. Kwetu ni mwambao wa kusini wa Ziwa Tanganyika, wilaya ya Uvinza, ule upande wa kuelekea Kalya. Kijiji sikitaji, na kampuni yenye mnara siitaji pia. Sitafuti kesi, natafuta mtandao.

Kinachoniuma ni kwamba mnara upo. Mrefu, mwekundu na mweupe, una uzio, una mlinzi. Siku ya kuuzindua ngoma zilipigwa, mheshimiwa mmoja akapiga simu mbele ya umati, tukashangilia kama watoto. Kuanzia siku hiyo sisi ni kijiji kilichofikiwa. Sasa njooni mjionee huko kufikiwa kwenyewe. Juu ya kioo cha simu kuna kiherufi E, alama ya mtandao wa zamani wa 2G wenye kasi ndogo, nacho kinakuja na kuondoka. Ukifungua tovuti yoyote, kiduara kinazunguka mpaka simu inapata moto mkononi. Picha ya WhatsApp ikitumwa asubuhi, ushukuru ikifika jioni.

Na hapo ni siku ambayo mnara uko macho. Unatumia sola na jenereta. Masika mawingu yakigoma kuondoka, betri zinaisha, inatakiwa jenereta iwake, na mafuta ya jenereta yanakuja kwa boti. Boti isipokuja, mnara umelala. Nilimfuata mlinzi kumuuliza, akanijibu bila hata kuinuka kwenye kiti: "Kaka, mimi nalinda vyuma visiibiwe. Mambo ya mtandao wapigie wenyewe." Wenyewe ni namba ya huduma kwa wateja. Nipige kwa mtandao upi?

Bando sasa. Unanunua la saa 24, jioni mnara unazima, unawaka keshokutwa, na ujumbe wa kwanza kuingia ni "Ndugu mteja, kifurushi chako kimekwisha muda wake." Muda gani wakati mlizima nyie? MB ziko vilevile, sijagusa hata moja, hela imeenda. Huko mjini mkilalamika bando linaisha haraka, mnanichekesha kidogo. Letu haliishi, linaoza.

Ila yote hayo tungevumilia kama mambo ya maana yasingehamishiwa mtandaoni. Chukua maombi ya mkopo wa chuo. Mdogo wangu amemaliza kidato cha sita, amefaulu vizuri. Maombi ni mtandaoni tu. Kwanza cheti cha kuzaliwa kihakikiwe, mtandaoni. Halafu upate kontroo namba, ulipie, ujaze fomu, mtandaoni. Haya, akapanda boti mpaka Ujiji, akaenda kujaziwa steshenari. Wakamchapishia fomu, wakamwambia irudishe nyumbani: isainiwe na mzazi, isainiwe na mdhamini, ipigwe muhuri wa serikali ya kijiji, kisha uilete tena tuiskani na kuipandisha. Mzazi yuko wapi? Mwambao. Mtendaji na muhuri wake? Mwambao. Kwa hiyo dogo anarudi kote huko kufuata saini, halafu anakuja tena mjini kwa ajili ya kazi ya kuskani ya dakika chache.

Na dirisha la mkopo huwa linafunguliwa katikati ya mwaka, wakati kusi limechachamaa ziwani na boti nyingine hazithubutu kutoka. Wa barabara naye avuke Malagarasi kwa kivuko pale Ilagala, halafu aombe gari lisikwame. Nauli, chakula, pa kulala, hela ya steshenari, vyote kwa mtu ambaye anaomba mkopo kwa sababu hana hela! Kuna watoto wa mvuvi wamekata tamaa pale pale kwenye saini, na takwimu zitasema hawakuomba.

Shule ni hivyo hivyo. Mwalimu akitakiwa kutuma taarifa kwenye mfumo anafunga safari, vipindi vinakaa. Kitu pekee ambacho sijawahi kusikia kimekosa mtandao ni mashine ya ushuru wa dagaa pale mwaloni. Ile inatoa risiti mvua inyeshe jua liwake.

Sasa nije kwa wakubwa. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote upo kisheria tangu 2006, na kazi yake ni kupeleka mawasiliano mahali ambako makampuni hayaoni faida. Makampuni yanachangia humo kutoka kwenye mapato yao, yaani vocha zetu sisi. Mei 2023 pale Dodoma, mbele ya Rais, ikasainiwa mikataba ya minara 758 kwenye kata 713, kwa ruzuku. Sina unafiki, nilipongeza na bado napongeza: kijiji kuweza kupiga simu mjamzito akizidiwa usiku si jambo dogo. Tena kwenye mpango huohuo kulikuwa na minara 304 ya zamani ya kuongezewa uwezo, itoke 2G. Maana yake wenyewe wanajua 2G ni ya kupiga na kupokea, siyo ya kujazia fomu. Sasa mbona kwenye hotuba sisi wa kiherufi E tunasomwa pamoja na wenye 4G? Na mbona idadi ya minara iliyosimama tunatajiwa kila mara, lakini siku ambazo mnara ulilala sijasikia anayezisoma?

Najua watakuja wa "hamieni mjini." Mkuu, hao migebuka na dagaa unaokula wavuliwe na nani?

Ninachotaka ni viwili. Mnara ukizima, bando lisimame, likiwaka liendelee pale lilipoishia. Kompyuta yao inajua dakika uliyozimika. Na humu najua mpo mliofanya kazi kwenye minara ya ruzuku: mkataba unasemaje mnara ukikaa gizani wiki nzima? Kuna faini, au ruzuku ikishatoka basi? Anayejua aweke hapa. Nipo mjini mpaka boti ya kesho, nikiondoka hamtanipata.