Pauni milioni 65 kwa sanamu ya shaba: hela ile ilikuwa ya nani?

Wadau, salaam. Kila bei za sanamu za Alberto Giacometti, mchongaji wa Uswisi, zinapotajwa, watu hugawanyika: hawa wanasema matajiri wamerukwa na akili, wale wanasema sisi wengine sanaa hatuijui. Mimi sikubaliani na kambi yoyote kati ya hizo, na naomba tubishane kwa hoja.

Kisa chenyewe ni hiki. Tarehe 3 Februari 2010, nyumba ya mnada ya Sotheby's ya London ilipiga mnada sanamu yake ya mtu anayetembea, ya mwaka 1960, yenye urefu wa sentimita 183. Makadirio yalikuwa pauni milioni 12 hadi 18. Watu wakapandishiana dau kwa dakika nane hivi, na ukijumlisha ada ya mnada, hesabu ikasimama kwenye pauni 65,001,250. Miaka mitano baadaye, sanamu yake nyingine, ya mtu anayenyoosha kidole, ikafika dola milioni 141 New York.

Sasa, wanaosema "kichuma tu kile" naomba wanisikilize. Nilipokuwa nikiishi Denmark nilikwenda mara nyingi makumbusho ya Louisiana, kule Humlebæk. Sanamu hiyohiyo ya mtu anayetembea ipo pale, mbele ya dirisha kubwa la kioo, na nyuma yake unaona miti na maji. Ukisogea karibu, unaona mwili mzima umebonyezwabonyezwa: alama za vidole na kisu zilizobaki tangu ikiwa udongo na plasta, kabla msubi hajaimimina kwa shaba iliyochanganywa na bati. Miguu ni mikubwa na mizito, kama imenasa kwenye tope, na bado mtu yule anakwenda. Nilisimama pale hadi mlinzi akaanza kunitazama. Kazi ile ni kubwa, sina shaka nayo hata kidogo.

Lakini nimesema "hiyohiyo", na hapo ndipo hoja yangu ilipo. Shaba husubiwa kwa kalibu, na sanamu hii ina nakala sita zenye namba, ukiacha chache za msanii mwenyewe. Iliyouzwa London ni moja ya hizo. Mimi niliyekata tiketi ya mlangoni niliona uzuri uleule aliouona mnunuzi. Kwa hiyo milioni 65 zililipia haki ya kwenda nayo nyumbani. Uzuri wenyewe haukuwa na bei ile.

Na hela ilikwenda wapi? Muuzaji alikuwa benki ya Commerzbank ya Ujerumani. Haikuwa hata imeichagua sanamu hiyo: iliirithi ilipoimeza Dresdner Bank, iliyoinunua mwaka 1980. Giacometti alifariki Januari 1966. Kinachoniuma zaidi ni kwamba sanamu hii ilizaliwa kwenye mradi wa uwanja wa wazi mbele ya jengo la benki ya Chase Manhattan, New York, mahali pa wapita njia. Mradi ukamshinda, akajitoa, na mtu wake wa kutembea akaishia kuwa mali ya benki nyingine.

Ufaransa ina sheria tangu 1920 inayompa msanii fungu kila kazi yake inapouzwa tena. Uingereza ilianza kulipa mwaka 2006, lakini hadi 2012 ni walio hai tu waliopata, warithi hapana. Tena kuna ukomo: mwaka ule wa 2010, hata msanii aliye hai na mwenye haki hiyo asingevuka euro 12,500 kwa mauzo ya milioni 65. Hebu zipime hizo namba mbili. Marekani, ambako rekodi ya 2015 iliwekwa, sheria ya kitaifa ya namna hiyo haipo kabisa.

Najua nitajibiwa: aliyenunua mapema ndiye aliyebeba hatari, na shamba likipanda bei aliyekuuzia harudi kudai. Ni hoja nzito, siidharau. Ila shamba halipandi bei kwa sababu aliyekuuzia aliendelea kulilima. Sanamu ya 1960 ilipanda kwa sababu Giacometti aliendelea kufanya kazi hadi mwisho kwenye karakana yake finyu ya Paris, akishirikiana na mdogo wake Diego, na kila kazi mpya ikaipa jina ile ya zamani. Mnunuzi alingoja tu.

Kenya ilipitisha fungu kama hilo la msanii, asilimia 5, mwaka 2019, na hapo ndipo ningependa tuanzie. Wachongaji na wenye nyumba za kuuzia sanaa mliomo humu: kazi ikiuzwa mara ya pili, nani anamwambia msanii? Mkataba wa kwanza unaandikwa, au mnapeana mikono tu? Asilimia bila daftari la mauzo itadaiwa kwa nani?