Mjadala: Siku ya mechi kubwa kwa Mkapa, magari binafsi yazuiwe?

Mtoa mada:

Wakuu, kuna swali linalozungumzwa vijiweni kila baada ya mechi kubwa, halafu linalala mpaka mechi nyingine. Nimeona tulijadili wakati hakuna presha ya matokeo. Siku Simba na Yanga zinapokutana, au Taifa Stars inapocheza mechi ya mashindano, magari binafsi yazuiwe kusogea Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, watu waje kwa mabasi ya mwendokasi, daladala na miguu? Mimi nasema yazuiwe. Natoa sababu zangu, anayeona nimekosea anipinge kwa hoja.

Nimeanza kwenda pale tangu uwanja ufunguliwe mwaka 2007, wakati tunauita Uwanja Mpya. Viti ni 60,000. Chukulia nusu ya mashabiki wanakuja na magari, wawili wawili kwa kila gari. Hayo ni magari 15,000. Yapange mkia kwa pua, kila moja mita tano, unapata foleni ya kilomita 75. Ukianzia pale uwanjani kuelekea barabara ya Morogoro, unapita Kibaha, unapita na Mlandizi. Chang'ombe yote, Keko yote na Kurasini yote haziwezi kumeza foleni hiyo, hata ukiongeza maegesho mara tatu. Basi refu la mwendokasi linabeba watu zaidi ya mia moja kwa mkupuo na halihitaji kupaki, linashusha linageuza.

Lakini hesabu siyo iliyonileta hapa. Mechi ya watani, Simba na Yanga, ya mwisho niliyokwenda, saa nane mchana nilikuwa Barabara ya Taifa, nyuma ya baba mmoja aliyembeba mwanawe mabegani. Mtoto kavaa jezi ya njano inayomfika magotini. Magari yalikuwa yamepaki pande zote mbili, mengine yamepanda juu ya njia ya waenda kwa miguu, kwa hiyo sisi tuliokuja kwa miguu tulibaki na kipande cha upana wa mkeka kati ya bampa na mtaro. Kandambili ya mtoto ikadondoka kwenye mtaro. Baba akasimama, akaitazama. Gari la nyuma likampigia honi ndefu. Akaiacha, akaendelea kutembea, na mtoto akawa anageuka nyuma kuiangalia mpaka tukakata kona. Mbele kidogo gari la wagonjwa lilikuwa limewasha king'ora na halisogei. Sikujua ndani yake kulikuwa na mgonjwa au lilikuwa linakwenda kusubiri uwanjani. Kwa yule aliyelala ndani, kama alikuwepo, jibu lake lilikuwa muhimu sana.

Tusisahau tarehe 28 Mei 2023, mechi ya kwanza ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Yanga na USM Alger ya Algeria. Mtu mmoja alifariki na wengine 30 wakajeruhiwa kwenye msukumano wa kuingia. Sisemi magari ndiyo yaliyoua. Nasema umati ukishafika getini umebanwa, umechelewa na umechoka, kila mtu anataka kuingia ndani ya dakika zile zile za mwisho, na kinachozuia watu kufika kwa mafungu madogo madogo kuanzia mchana ni foleni.

Mahali penyewe pana bahati ambayo viwanja vingi havina. Barabara ya mwendokasi ya Mbagala inapita Kilwa Road, unashuka Uhasibu, pale Kilwa inapokutana na Mandela, unatembea. Kutoka Kariakoo, yaliko makao ya timu zote mbili, vijana wanatembea kupitia Keko wakiimba njia nzima, na hakuna aliyewahi kuwaambia ni mbali. Cape Town walipoandaa Kombe la Dunia 2010 walitengeneza njia maalumu ya kutembea kutoka katikati ya mji, karibu na stesheni ya treni, mpaka uwanja wa Green Point, kama kilomita mbili na nusu. Watu waliipenda mpaka wengine wasio na tiketi wakawa wanatembea kwa ajili ya shamrashamra tu. Hiyo ni Afrika, siyo Ulaya, na miguu yao ni kama yetu.

Pendekezo langu: kuanzia saa nne asubuhi siku ya mechi, Barabara ya Taifa na vipande vya Chang'ombe vinavyouzunguka uwanja vifungwe kwa magari binafsi. Wapite waenda kwa miguu, gari za wagonjwa, mabasi ya timu, zimamoto. Karibuni.

Mkazi wa Chang'ombe:

Mkuu umesema vizuri, ila umetusahau tunaoishi humo unamotaka kufunga. Mimi siku ya watani sitoki na gari kuanzia asubuhi, na nikitoka sirudi. Mwaka jana mtu alipaki mbele ya geti langu, akaingia uwanjani, simu haikuandikwa popote kwenye kioo. Nina mama mzee ndani mwenye sukari. Nilikaa masaa manne naomba Mungu asizidiwe. Kwa hiyo naunga mkono kufunga, ila wenye nyumba tupewe vibandiko vya kupita. Na wasimamizi wawe watu wanaoujua mtaa, siyo wageni wa kutuuliza vitambulisho kwenye mlango wetu wenyewe.

Mama wa Kibaha:

Naomba nipinge, na napinga kama shabiki wa kweli ninayelipa tiketi yangu.

Kaka, umeandika habari ya kwenda. Kwenda hakuna shida. Mchana mwendokasi yapo, daladala zipo, jua lipo, watu wamejaa barabarani, hata mwanamke mwenye watoto wawili kama mimi anafika salama. Nieleze kurudi. Mechi za kimataifa siku hizi zinaanza saa moja usiku, nyingine zaidi ya hapo. Inaisha saa tatu, mpaka utoke getini saa tatu na nusu. Watu makumi elfu wanamwagika kwa pamoja. Kituoni unakuta umati umejaa mpaka barabarani, basi likija wanaume wanaingilia madirishani, mimi na mwanangu wa kike wa miaka tisa tunasukumwa pembeni. Yakipita mabasi matatu nawaza kutembea, na nikitembea ni gizani. Bodaboda aliyenipeleka kwa elfu mbili anataja elfu tano, na hata nikimpa sitawapakia watoto wawili na mimi kwenye pikipiki moja usiku.

Halafu nikishafika Kimara bado sijafika. Kibaha ni mbele.

Gari langu ni dogo na nalipia mafuta kwa shida. Sipendi foleni wala kupaki Keko kwa kijana nisiyemjua anayeniambia "mama acha tu, nipo". Naja nalo kwa sababu ndilo pekee ninalojua litakuwepo saa tatu na nusu usiku. Ukilizuia bila kunipa kitu cha kurudia, hujanipandisha mwendokasi. Umenirudisha kwenye televisheni, na uwanja utabaki wa vijana wa kiume wanaoweza kutembea usiku.

Bodaboda wa Mtoni:

Dada hapo juu, bei inapanda kweli, sikatai. Lakini jueni na upande wetu. Baada ya mechi nikitoka na abiria mmoja kwenda Kariakoo, kurudi uwanjani kumchukua mwingine naweza kutumia dakika arobaini kwa ajili ya hayo hayo magari. Nikipata safari mbili nashukuru. Barabara ikiwa wazi napiga safari sita, bei inashuka yenyewe bila kutungiwa sheria. Kwa hiyo nakubaliana na mtoa mada, ila msitufungie na sisi. Tupeni sehemu moja inayojulikana, yenye taa, tupange foleni kama vijiwe vyetu vya kila siku.

Shabiki wa kiti cha magurudumu:

Nimesoma mara tano neno "miguu". Mimi sina. Nimefika kwa Mkapa mara nyingi na ndani nahudumiwa vizuri, shida yangu ni mita mia tatu za mwisho. Njia ya waenda kwa miguu inakatika, kuna mchanga, kuna mfuniko wa mtaro uliovunjika, na pale palipobaki sawa pamepaki gari. Mtu akisema ondoa magari namuunga mkono kuliko yeyote humu, lakini akisema nishuke Uhasibu nijisukume mpaka getini jioni yenye umati, hapo nakataa. Magari yanayobeba walemavu yaruhusiwe mpaka mlangoni, kwa idadi inayojulikana kabla. Na hiyo njia isawazishwe. Ikinifaa mimi itamfaa na yule baba mwenye mtoto mabegani.

Msomaji wa Nairobi:

Habari zenu kutoka huku. Sisi tuna mifano miwili tofauti kabisa. Nyayo iko karibu na mji, unatoka Railways ukitembea na Uhuru Highway mpaka uwanjani, na baada ya mechi watu wanarudi hivyo hivyo kutafuta matatu za mitaa yao pale mjini. Kasarani ni ya Thika Road. Matatu zipo nyingi mchana, lakini usiku baada ya mechi nauli ni ya yule makanga aliyekuona umechoka. Wakati wa CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, mwezi Agosti 2025 CAF, shirikisho la soka Afrika, walipunguza mashabiki Kasarani mpaka 27,000 baada ya watu kuingia kwa nguvu bila tiketi, na niliona wazi kwamba kudhibiti watu kunaanzia mbali na geti. Mwenye tiketi anafaa kukaguliwa kule barabarani, akiwa na nafasi ya kupumua. Sasa tunapata uwanja wa Talanta kando ya Ngong Road, watu 60,000 kama wenu. Ngong Road jioni ya kawaida tu haipitiki. AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ya 2027 ni yetu sote pamoja na Uganda, kwa hivyo swali lenu ni letu.

Mtoa mada:

Nimewasoma wote, na nakiri kwamba Mama wa Kibaha amenisogeza. Nilianza na kufunga barabara kwa sababu ndicho kinachoniuma mimi, mwanamume ninayekaa Mtoni na kurudi kwa dakika thelathini za kutembea. Nilikuwa naangalia saa nane mchana. Tatizo lenyewe liko saa tatu na nusu usiku.

Basi nageuza mpangilio. Kwanza mabasi ya kurudi, ndipo kufunga. Yaani kabla filimbi ya mwisho haijapigwa, mabasi yawe yameshasimama Kilwa Road na Mandela, matupu, yamewashwa taa, kila moja limeandikwa linakokwenda: Mbagala, Gongo la Mboto, Kimara mpaka Kibaha, Tegeta mpaka Bunju. Daladala nazo zipewe ruhusa ya usiku huo kuacha njia zao za kila siku na kupanga foleni pale, konda asijipangie nauli. Foleni ya wanawake wenye watoto iwe yake. Hii si ndoto. Michuano ya Ulaya ya 2024 kule Ujerumani tiketi ya mechi ilikuwa ni usafiri wa umma wa saa 36, mtu hakuhangaika na nauli wala chenji katikati ya umati. Sisi tayari tunaingia uwanjani kwa N-Card, kadi ile ile inayofungua geti la kivuko cha Kigamboni. Nauli ya kurudi ikikatwa kwenye tiketi mapema, hata mwenye basi anajua atalipwa, hana sababu ya kukimbia.

Suala la viti vya magurudumu nimelikubali lote, na vibandiko vya wakazi pia.

Ila sikubali tukae tunangoja mpaka mabasi yakamilike ndipo mtu athubutu kugusa magari. Mechi moja ijaribiwe. Moja tu, ya watani, kwa sababu ndiyo inayojaza.

Mkazi wa Chang'ombe:

Watani ni mechi mbaya ya kujaribia. Likiharibika jambo siku hiyo halijaribiwi tena miaka kumi. Anzeni na mechi ya Taifa Stars ya watu elfu thelathini.

Bodaboda wa Mtoni:

Namuunga mkono mzee. Stars mashabiki ni wa rangi moja, hakuna kununiana njiani.

Mtoa mada:

Sawa, Stars. Hapo nimeshindwa kwa hoja. Mama wa Kibaha, kwa mpangilio huo gari unaliacha?

Mama wa Kibaha:

Mara ya kwanza siliachi nyumbani. Nitaliacha Kimara kwa dada yangu, nije na mwendokasi na mwanangu mkubwa tu, yule mdogo abaki. Nikitoka getini nikalikuta basi limeandikwa Kibaha kama ulivyosema, mechi inayofuata gari linabaki nyumbani na mdogo anakuja. Lakini nijibu jambo moja ambalo hukuliandika. Basi hilo likijaa nikiwa mtu wa tano kutoka mlangoni, la pili liko wapi, na nani atakuwa amesimama pale wa kuniambia?