Seli kompitenti za E. coli: sahani zinabaki tupu, tatizo liko wapi?

mtu_wa_maabara: Habari zenu wakuu. Natengeneza mwenyewe seli kompitenti (bakteria walioandaliwa kupokea DNA ya nje) za DH5α, aina ya E. coli ya maabara, maana za kununua bei hazishikiki na lazima zisafiri kwenye barafu kavu. Nakuza bakteria kwenye LB (mchuzi wa kukuzia bakteria) nyuzi 37 usiku kucha, asubuhi nazungusha kwenye sentrifuji, naweka kalsiamu kloraidi milimola 100, naongeza gliseroli, friza ya -80. Nikija kuingiza plasmidi (DNA ndogo ya mviringo), napiga joto nyuzi 42 sekunde 45, namwaga kwenye sahani ya ampisilini (dawa inayozuia bakteria wasio na plasmidi), koloni mbili tatu au hamna kitu kabisa. Plasmidi ni nzima nimeicheki kwenye jeli. Msaada tafadhali

Mkalimikrobu: Mkuu ni hiyo usiku kucha. Seli zikishalala hivyo zimeacha kukua, na unazotaka wewe ni zile zinazogawanyika kwa kasi. Za usiku ziwe mbegu tu, chukua mililita 1 tia kwenye LB mpya mililita 100, tikisa, pima OD ya 600 (jinsi mchuzi unavyozuia mwanga wa nanomita 600, ndiyo kipimo cha wingi wa seli) mara kwa mara na ikishafika 0.2 usiende mbali kabisa maana zinaongezeka mara mbili kila dakika 20 hivi. Ikigusa 0.35 mpaka 0.4 zika fleski kwenye barafu hapo hapo.

dada_pipeti: Naongezea, kuanzia hapo kila kitu kiwe baridi, chupa, kalsiamu, hadi ncha za pipeti, sentrifuji iwe nyuzi 4. Na usivorteksi (usitikise kwa mashine)!! Seli zikiwa kwenye kalsiamu ni dhaifu mno, zungusha chupa taratibu kwa mkono ndani ya barafu mpaka zitawanyike zenyewe. Mzunguko wa pili wa sentrifuji utaona hazikai kidonge kigumu tena, zinatanda kama pete nyeupe, usishtuke hiyo ni dalili nzuri. Ukiweza ziache kwenye kalsiamu juu ya barafu saa 12 mpaka 24 kabla ya kugandisha, uwezo unapanda mara kadhaa, Dagert na Ehrlich walishalionyesha hilo 1979. Halafu suuza fleski vizuri sana, mabaki ya sabuni yanaharibu kila kitu

mtu_wa_maabara: Asanteni sana, vorteksi nilikuwa natumia kweli. Sasa nitajuaje batch mpya iko sawa kabla sijapoteza plasmidi yangu?

Mkalimikrobu: Jaribu na pUC19 kwanza, plasmidi ya kawaida ya majaribio. Weka pikogramu 100, baada ya joto rudisha kwenye barafu dakika 2, ongeza LB isiyo na dawa, saa nzima nyuzi 37, kisha mwaga sehemu moja ya kumi. Ukipata koloni 50 maana yake zimetoka kwenye pikogramu 10, yaani milioni 5 kwa kila maikrogramu, kwa kloning (kunakili DNA ndani ya bakteria) ya kawaida inatosha kabisa. Weka na sahani ya seli zisizopewa plasmidi, zikiota hapo ujue ampisilini yako imekufa. Na gandisha kwa mafungu ya maikrolita 100, ukishayeyusha fungu usilirudishe friza

dada_pipeti: Na usisome sahani za ampisilini baada ya siku mbili, vile vikoloni vidogo vinavyozunguka koloni kubwa havina plasmidi, vinaota kwa sababu kubwa imeshaila dawa pembeni yake. Chomoa ile kubwa tu