Acheni kuuziana stika: gari la spoti la bajeti ndogo linachaguliwa kwa namba ya chasisi

Wakuu, uzi huu ni wa malalamiko na sitaulainisha.

Kila wiki anaingia kijana anauliza, "Nina bajeti ndogo, napenda kuendesha, nichukue gari gani la spoti?" Majibu ni yale yale: chukua Mark X, chukua Subaru, chukua Altezza, chukua Golf. Hakuna anayetaja msimbo wa modeli, yaani zile herufi na tarakimu za mwanzo wa namba ya chasisi. Hakuna anayeuliza gia boksi, wala breki. Mtu anakwenda yadi, anauziwa mbuzi kwenye gunia, na injini ikinoki wale wale waliomshauri ndio wa kwanza kumcheka.

Naanza na Altezza, maana ndiyo inayoongoza kwa uongo. Tangazo linasema "Altezza, gari la mbio", picha tano, zote za rimu na taa za nyuma. Namba ya chasisi imefichwa. Kuna Altezza mbili tofauti kabisa, wakuu. SXE10 ni RS200: injini 3S-GE ya silinda nne, nguvu za farasi 210 ikiwa na gia za mkono sita, 200 ikiwa otomatiki. GXE10 ni AS200: injini 1G-FE ya silinda sita, farasi 160, na nyingi zilizoletwa ni otomatiki ya gia nne. Kwa nje huwezi kuzitofautisha ukiwa barabarani, na muuzaji anajua hilo. GXE10 si gari baya, ni tulivu na linavumilia. Lakini ukilipa bei ya RS200 ukapewa GXE10 umeibiwa, na hakuna neno la heshima zaidi kuliko hilo.

Na hiyo SXE10 yenyewe hamsemi ukweli wake. Mgandamizo wa injini ni 11.5 kwa 1, na Toyota waliitengenezea petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kwa sheria yao ni oktani 96 na kuendelea. Ukiitia petroli ya kawaida ya kwetu, kompyuta inachelewesha moto wa plagi ili injini isigonge, na farasi 210 unabaki kuwasoma kwenye karatasi. Sensa ya kugonga ikiwa imekufa, basi injini inagonga kweli, pistoni zinaumia. Injini zote mbili zina mkanda wa taimingi, si cheni. Kilomita 100,000 mkanda unabadilishwa pamoja na pampu ya maji na roli zake. Gari la 1999 lenye "kilomita 68,000" kwenye dashibodi halina ushahidi wowote wa mkanda, kwa hiyo bei ya mkanda iwe ndani ya bajeti kabla hujashika funguo.

Subaru. Ndiyo, dereva wa rali McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 na Impreza, Burns naye akashinda 2000 na Impreza. Hiyo Impreza haina undugu na GG2 au GG3 ya cc 1500 yenye farasi karibu 100 iliyobandikwa nembo ya STI (toleo kali kuliko yote la Impreza) na kufungwa boneti yenye tundu la hewa. Tundu lile kwenye gari lisilo na turbo linaingiza mvua tu. Unataka WRX, yaani Impreza ya turbo? Kwa umbo hilo la GG2 na GG3, chasisi isome GDA kwa sedani au GGA kwa wagoni. STI ni GDB, au GGB kwa wagoni. Herufi nyingine yoyote mwenye gari akikuambia "hii ni kama WRX", mwage. Na ukipata GDA halisi, kumbuka umenunua turbo iliyozeeka: inataka oili safi ya kiwango sahihi kila kilomita 5,000, mkanda wa taimingi kwa wakati, na mtu wa kupima oili kwa kijiti kila wiki. Injini hizi za Subaru, familia ya EJ, zikikosa oili hazisamehi, beringi za fimbo za pistoni ndizo zinazotangulia.

Mark X inayopendekezwa sana ni GRX120 ya cc 2500, injini 4GR-FSE, farasi 215. Kwenye barabara iliyonyooka inakwenda, hilo sibishi. Lakini ina kilo 1,500 hivi, na Mark X za kawaida hazikuwahi kutoka kiwandani na gia za mkono. Injini hiyo inarusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo vali za kuingiza hewa hazioshwi na petroli, kaboni inajikusanya, injini inatetemeka ikiwa silensa, yaani inawaka bila kukanyagwa mafuta. Ringi za pistoni nazo zikishika unaona oili inapungua na moshi wa bluu. Ni gari la starehe lenye mbio. Anayependa kona anataka kitu kingine.

Sasa lile linaloniudhi kuliko yote: neno RS. Vitz RS, Fit RS, Swift RS. Vitz RS ya NCP131 ilitoka na gia tano za mkono na pia CVT, ile otomatiki isiyo na gia za kuhesabika. Fit RS ya GE8 hivyo hivyo. Yadi zinaleta ya CVT kwa sababu inauzika haraka, kisha zinaitangaza "sport" kwa bei ya ile ya mkono. CVT ukiikanyaga kweli, injini inapiga kelele sehemu moja na gari linafuata baadaye. Swift RS ya ZC72S ndiyo kichekesho: cc 1200 ile ile ya Swift ya kawaida, imeongezewa sketi za pembeni. Swift Sport za kuanzia 2005 ni misimbo mitatu tu ya kukariri: ZC31S, ZC32S, ZC33S. Ukiona ZC72S yenye stika ya Sport nyuma, stika hiyo imenunuliwa dukani.

Golf: ile ya 1.4 TSI yenye gia boksi ya DSG (otomatiki ya klachi mbili) ya gia saba klachi zake ni kavu (DQ200), na foleni ya Mandela ya Dar au Thika Road ya Nairobi ndiyo adui yake. Klachi zinachoka, mekatroniki (kompyuta na vali zinazoendesha gia boksi) inakufa, na hapo bajeti yako imekwisha. GTI ya Mk5 ina DSG ya gia sita yenye klachi za ndani ya oili (DQ250), inavumilia zaidi, lakini oili yake na chujio hubadilishwa kila kilomita 60,000. Uliza risiti. Pia GTI ile kuna kikombe kidogo kati ya kamshafti na pampu ya petroli ya presha kubwa. Kinalika. Kikitoboka kinaharibu kamshafti na pampu. Kukikagua ni kufungua skrubu tatu za pampu, dakika chache, lakini utashangaa mafundi wangapi hawakijui.

Kodi ndiyo inayowaua watu, na washauri wetu hapa wananyamaza. Kwa Tanzania hesabu inakwenda hivi. Chukua gari la cc kati ya 1001 na 2000 ambalo TRA, mamlaka ya mapato, wamelithamini milioni 10 hadi bandarini. Angalia: thamani ni ile ya kikokotoo chao, si ankara yako. Ushuru wa forodha 25%, milioni 2.5. Juu ya milioni 12.5 hiyo unawekewa ushuru wa bidhaa 5%, ambao ni 625,000. Gari likizidi miaka 10 kuna ushuru wa uchakavu 30% juu ya milioni 12.5 hiyo hiyo, milioni 3.75. Jumla yote sasa ni 16,875,000, na VAT ya 18% juu yake ni 3,037,500. Kodi peke yake ni 9,912,500, karibu sawa na gari lenyewe, kabla ya tozo ndogo ndogo, bandari na wakala. Gari la thamani hiyo hiyo lenye miaka 8 hadi 10 uchakavu ni 15%, kodi inashuka mpaka milioni 7.7. Chini ya miaka 8 hakuna uchakavu, ni 5,487,500. Injini ikizidi cc 2000 ushuru wa bidhaa unapanda kuwa 10%. Viwango huguswa kila bajeti ya Juni, kwa hiyo pitia kikokotoo kabla ya kutuma hela. Ndugu zetu wa Kenya hawaruhusiwi kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo Altezza na GDA kwao ni za kununua zilizokwisha kusajiliwa, na hapo ukaguzi ndiyo kila kitu.

Kwa hiyo kwa bajeti ndogo, mtu anayependa kuendesha na si kuonekana, jibu langu ni ZC31S ya gia za mkono au Vitz RS NCP131 ya gia za mkono. ZC31S ina injini M16A ya cc 1600, farasi 125, cheni ya taimingi, diski magurudumu yote manne, uzito kilo 1,050 hivi, tairi 195/50R16 ambazo zinapatikana. Otomatiki yake ni ya gia nne, iache. ZC32S ina gia sita na farasi 136, lakini otomatiki yake ni CVT, na inatoka na rimu za inchi 17 zenye tairi 195/45, ambazo mashimo yetu yanazikunja. Vitz RS ina farasi 109 tu, mtacheka. Lakini injini yake ni 1NZ-FE, ile ya Probox na IST, spea zake zipo kila duka la Gerezani, Dar, na kwenye zile kona za Mombo kwenda Lushoto farasi 109 unaowatumia wote wanafurahisha kuliko 250 unaoogopa kuwagusa.

Hiyo ni nusu ya kazi. Bajeti usiimalize kwenye gari, bakisha 20% pembeni.

Ukaguzi: nenda gari likiwa baridi, gusa boneti. Likiwa limeshapashwa moto, rudi kesho. Fungua kifuniko cha rejeta likiwa baridi, washa, tazama maji: mapovu mfululizo yasiyoisha ni gasketi ya silinda hedi. Pima mgandamizo silinda zote, zisitofautiane zaidi ya 10% hivi. Klachi: gia ya nne, mwendo wa 50, kanyaga mafuta yote. Mshale wa mizunguko ukipanda na gari likabaki, klachi inateleza. Gia boksi: shuka kutoka ya tatu kwenda ya pili haraka ukiwa mwendo wa 40. Ikikwaruza, sinkronaiza ya pili imekwisha, na magari haya yanaendeshwa kwa fujo kwa hiyo ndiyo inayotangulia kufa. Tairi soma tarakimu nne za mwisho za DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya 2019. Tairi nne zenye kashata nzuri lakini za miaka kumi ni za kutupa. Karatasi ya mnada wa Japani omba ile halisi, daraja R au RA ni gari lililogongwa likatengenezwa, XX kwenye mchoro ni paneli iliyobadilishwa, W ni paneli iliyonyooshwa.

Mafundi nao sijawasahau. Kukata springi ili gari lishuke ni ujinga. Nafasi ya shokapu kucheza inapungua, inagonga stopa kila tuta, shokapu inakufa, na ukinyanyua gari kwa jeki springi inaweza kuchomoka kwenye kiti chake. Kung'oa thermostati "kwa sababu huku ni joto" pia. Injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani bado ni baridi na inaendelea kumwaga petroli ya ziada, inayoosha kuta za silinda na kuharibu oili. Na oili ya difu ya GL-5 kwenye gia boksi iliyoandikiwa GL-4: sinkronaiza zinakosa msuguano, gia zinakwaruza, halafu unaambiwa "hii gari ndivyo ilivyo".

Nyongeza: Naona mmeshaanza. Aliyeandika "huna hela ndiyo maana unasifia Vitz": sawa mkuu, Toyota 86 ni gari zuri kuliko yote niliyotaja. ZN6, farasi 200, inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Haipo kwenye bajeti inayojadiliwa hapa. Anayeiweza, zile za 2012 na 2013 aulize kama zilifanyiwa ile kazi ya springi za vali ambayo kiwanda kilitangaza 2018 kuyaita magari kurekebishwa.

Nyongeza ya pili: Aliyeuliza aanze na nini baada ya kununua. Breki, mkuu. Oili ya breki ni ya kwanza, kabla ya rimu, kabla ya bomba la moshi. Inanyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. DOT 4 mpya inachemka kuanzia nyuzi 230, ikishalowa kiwango chake ni 155 tu, na kushuka mlima Kitonga nyuma ya malori kunafika huko. Ikichemka kanyagio linazama mpaka sakafuni. Badilisha kila miaka miwili, lita moja inatosha magurudumu yote, anza na gurudumu lililo mbali na silinda kuu isipokuwa kitabu cha gari kinasema vingine. Kisha tairi, kisha bushi za mbele na boljointi, kisha shokapu. Injini iguse mwisho.

Na wauzaji mnaosoma kimya kimya: tangazo lijalo lianze na namba ya chasisi na picha ya leva ya gia. Rimu tumeziona.