Naomba ushauri: tuwaoneshe watoto wa kituo filamu ya Krismasi inayohusu yatima?

Alto wa Gangilonga

Kamwene ndugu zangu wa Iringa, na salamu kwa wana jukwaa wote.

Naomba mawazo yenu. Mimi ni mwanakwaya katika usharika mmoja hapa mjini. Kila Desemba kwaya yetu hutembelea kituo cha watoto kilichoko nje kidogo ya mji. Tunapeleka mchele, mafuta, sabuni na madaftari ya Januari, tunaimba, tunakula nao, tunarudi. Mwaka huu vijana wa kwaya wameleta wazo jipya: tuazime projekta, tutundike shuka jeupe kwenye bwalo lao, tuwaoneshe filamu jioni ya tarehe 24.

Filamu waliyochagua nimeitazama nyumbani na familia yangu. Haina matusi wala mapigano. Inahusu ndugu watatu waliofiwa na wazazi, wanaoishi kwenye nyumba ya yatima na wako mbioni kutenganishwa. Kuna mzee tajiri, mkali, aliyefiwa na mwanawe. Analainika kidogo kidogo, mpaka usiku wa Krismasi anawachukua wote watatu. Zipo nyingi zenye mtiririko huo na bila shaka mmewahi kuona mojawapo. Kwangu tulilia wote. Kijana wangu wa darasa la nne, ambaye kwa kawaida hana habari na filamu isiyo na magari, hakutoka kwenye kiti.

Nilipomweleza mama mlezi wa kituo, alinyamaza kwanza. Kisha akaniuliza: "Ikishaisha, ninyi mkaondoka, nani atabaki na maswali yao usiku?"

Vijana wanasema mama anaogopa bure, watoto wanahitaji kufurahi kama watoto wengine. Mimi nimelelewa na baba na mama mpaka naolewa, kwa hiyo siwezi kujisemea kwa uhakika. Nawaomba hasa waliokulia vituoni, walimu na watu wa ustawi wa jamii. Tuoneshe au tuache?

Mwanjelwa Mjini

Dada, onesheni. Watoto hao wanajua kuwa ni yatima, hamtakuwa mnawapa habari mpya. Ngano zetu zimejaa yatima tangu enzi za mababu: mtoto anayenyimwa chakula na mama wa kambo, anayetumwa kuchota maji mbali, na mwishowe yeye ndiye anayekuwa juu. Bibi zetu hawakuficha hadithi hizo kwa sababu kulikuwa na yatima pale motoni. Walizisimulia hasa kwa ajili yao.

Mjukuu wa Bulongwa

Mimi ni mmoja wa hao mnaowazungumzia, kwa hiyo nitaandika kwa urefu kidogo, mnivumilie.

Nimezaliwa Makete, mkoani Njombe. Kwetu ukimwi ulipita nyumba kwa nyumba. Mpaka leo Njombe na Iringa ziko juu. Utafiti wa kitaifa wa 2016-17 ulikuta maambukizi ya watu wazima ya asilimia 11.4 Njombe na 11.3 Iringa, mikoa miwili ya kwanza nchini. Nyuma ya namba hizo kuna watoto. Baadhi yetu tulibaki na bibi, wengine wakagawanywa kwa shangazi na baba wadogo, na wengine, kama mimi na mdogo wangu, tukapelekwa kituoni.

Filamu za namna hiyo tulioneshwa. Nitasema kilichoniuma na kisichoniuma.

Yatima wa kwenye filamu hakuniuma. Nilimpenda sana. Nilifurahi kuona kuna mtu aliyeona mtoto kama mimi anastahili kuwa mkuu wa hadithi. Hapo nakubaliana na kaka wa Mwanjelwa.

Ila kwenye filamu wazazi hufa kabla hadithi haijaanza. Picha ukutani, machozi mawili, tunaendelea. Mtoto wa kwetu mara nyingi alimuuguza mama yake mwenyewe, alichota maji ya kumwogesha. Ikifika sehemu ya mtoto kuongea na picha ya mama, msishangae mtoto mkubwa mmoja akitoka nje. Mwacheni atoke, na asifuatwe na kundi zima. Amfuate mtu mmoja anayemjua.

Kilichoniuma zaidi ni wageni. Walikaa pembeni na kututazama sisi badala ya kutazama filamu. Walisubiri tulie. Simu zilikuwa juu, zinatupiga picha gizani. Nilikuwa darasa la sita na niliapa sitalia mbele yao, na filamu yote nikaimaliza nikipambana na uso wangu. Dada Alto, mkienda, kaeni katikati ya watoto, mtazame nao, na kama ni kulia mlie pamoja nao. Simu ziachwe kwenye gari.

Ticha Ilula

Ongezeni hili: shule zikifungwa Desemba, watoto wenye bibi au shangazi anayeweza kuwapokea huchukuliwa kwenda likizo. Wanaobaki kituoni tarehe 24 ni wale ambao hakuna aliyekuja kuwachukua. Filamu ambayo kilele chake ni mtu kufika mlangoni usiku wa Krismasi, mnaiweka mbele ya watoto ambao wiki nzima wametazama wenzao wakichukuliwa. Mimi ningeionesha mapema, mwishoni mwa Novemba, wakiwa bado wote pamoja. Tarehe 24 wekeni kitu kingine, hata cha wanyama, cha kuchekesha tu.

Mstaafu wa Kilolo

Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii kwa muda mrefu. Mama mlezi ameuliza swali la msingi na ningemsikiliza kabla ya mtu mwingine yeyote humu.

Shida ya filamu hizi ni muda. Mzee anaguswa usiku mmoja na asubuhi watoto ni wake. Kwetu, kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, anayetaka kuasili mtoto anapita kwa ofisa ustawi wa jamii, familia yake inachunguzwa, na amri inatolewa na Mahakama Kuu. Kuna pia malezi ya kambo, ambapo familia inamlea mtoto bila kuwa wake kisheria. Na kabla ya yote hayo tunatafuta kwanza ndugu wa damu, kwa sababu makao ya watoto yanapaswa kuwa kimbilio la mwisho. Watoto wengi walio vituoni wana ndugu mahali fulani, na wengine wana mzazi mmoja aliye hai ambaye hakuweza kuwalisha.

Mtoto wa miaka sita hajui hayo. Ataona mgeni amevaa vizuri, amempakata, amecheka naye, atamuuliza: "Utanichukua?" Niliulizwa mara nyingi. Waandaeni wanakwaya wote jibu moja la kweli kabla hawajaingia getini: "Hapana, sitakuchukua, ila nimefurahi kukaa na wewe leo." Asitokee hata mmoja wa kusema "tutaona" au "Mungu akipenda" ili kukwepa macho ya mtoto. Neno hilo atalitunza mwaka mzima.

Mwanjelwa Mjini

Mzee wangu, shikamoo. Hilo la "utanichukua" sikuwa nimelifikiria. Bado nasema waoneshwe, ila waanze watoto wakubwa.

Fundi Spika Mafinga

Mimi nachangia upande wa vifaa. Bwalo la kituo bila shaka limeezekwa bati. Desemba ya huku mvua hushuka jioni, na ikianza kupiga juu ya bati hamtasikia hata neno moja la filamu. Chukueni spika mbili kubwa, au anzeni mchana mkiwa na mapazia mazito. Umeme msiuamini, tafuteni jenereta na mliweke mbali na madirisha.

La pili ni lugha. Filamu ni ya Kiingereza, na watoto wa darasa la pili hawawezi kusoma maandishi ya chini yanayokimbia. Wekeni mtu mwenye maikrofoni atafsiri palepale, kwa mtindo ule ambao Lufufu, mtafsiri wa filamu, aliuzoesha nchi nzima. Hapa ndipo mnaweza kuisaidia hadithi. Mtafsiri mzuri akifika kwenye theluji atasema "sakitu ya Makete, ila hii imefika magotini", na watoto watacheka. Akifika mahali pa uchungu atapunguza sauti, atasema kwa maneno machache.

Mjukuu wa Bulongwa

Fundi umesema vizuri. Ila mtafsiri asibadilishe mwisho. Mtu mmoja kwetu aliubadilisha ili kutulinda, na tulioelewa Kiingereza kidogo tukajua tumedanganywa. Mwacheni mzee awachukue watoto watatu. Ikiisha, mama mlezi aongee nao, akiwa amekaa chini kama wao, si kwa hotuba. Na dada, angalieni ndugu wa tumbo moja kati yao. Sehemu ya kutenganishwa ndiyo iliyomfanya mdogo wangu anishike mkono mpaka mwisho. Wakalishwe pamoja.

Alto wa Gangilonga

Asanteni sana. Nimesoma kila neno, nimemsomea na mwenyekiti wa kwaya.

Nimerudi kuongea na mama mlezi. Tumekubaliana hivi: yeye na wakubwa wa sekondari wataitazama filamu kwanza kwenye kompyuta ya kituo, bila sisi. Wakisema ioneshwe, itaoneshwa Jumamosi moja kabla shule hazijafungwa, kuanzia saa nane mchana. Wakisema hapana, hatutawauliza sababu. Tarehe 24 tutakwenda kuimba na kupika nao pilau, na familia nne za kwaya zimeomba kulala kwenye nyumba ya wageni ya kituo ili asubuhi ya Krismasi twende ibadani pamoja na watoto waliobaki. Simu zitabaki kwenye gari. Jibu la mzee wa Kilolo tutalifanyia mazoezi kama tunavyofanyia wimbo, kila mmoja alitamke kwa mdomo wake.

Mjukuu wa Bulongwa, mama mlezi anauliza kama ungekubali kuja siku hiyo kuwa mtafsiri wetu. Nauli kutoka uliko tutaibeba sisi. Fundi, hizo spika mbili unakodisha, na je, unaweza kuzileta mpaka Iringa?

Fundi Spika Mafinga

Nakodisha, ila kwa watoto hao nitazileta bure. Mtanichangia mafuta ya gari tu. Nijulishe tarehe mapema, maana Novemba kuna harusi nyingi.

Mjukuu wa Bulongwa

Nitakuja. Nitumieni filamu wiki moja kabla niisikilize, na naomba mdogo wangu naye aje.